Mama Theo na Benchi la Ndugu

Tarehe 30 Juni 2025 Muuguzi Theopista Kalisti, Mama Theo wetu, anavua sare baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Alianzia zahanati za kwao Mpimbwe mwaka 1992, kisha akahamia wodi yetu ya wazazi hapa Mpanda, na hajaondoka tena.

Tuliofanya naye kazi tunalijua benchi lake. Alikuta ndugu ndio wanaokaa kwenye kiti mbele ya meza na kujibu kila swali, mgonjwa kasimama nyuma. Akageuza: mgonjwa kiti, ndugu benchi la ukutani. Mhudumu akianza kuongea na benchi, alikuwa na maneno mawili tu: "Muulize mwenyewe." Daktari mmoja mgeni aliambiwa hivyo mara tatu kwa asubuhi moja, na tangu hapo akawa anamwamkia kwa adabu zote.

Mwaka 2014 aliletwa Aline kutoka Kasokola, ana mimba ya pili, anasubiri upasuaji. Aline ni mzito kidogo wa kuelewa mambo tangu utotoni. Kaka yake, Gratien, aliomba afungwe kizazi humo humo, maana mzigo wa malezi ulikuwa umemwelemea. Mimi ndiye niliyempa Gratien fomu ya ridhaa, naye akaweka dole gumba. Aline hakuulizwa. Naandika haya kwa aibu.

Mama Theo aliirudisha fomu mezani kwangu. Asubuhi tatu alikaa na Aline, akamwita Emelyne, rafiki wa Aline, aeleze kwa Kirundi, lugha ya nyumbani kwao, akachora picha, kisha akamwomba Aline asimulie alichoelewa. Siku ya tatu Aline akasema, "Nataka mwingine, ila sio sasa hivi." Akachagua kijiti cha uzazi wa mpango, cha miaka mitatu. Gratien alinuna waziwazi. Huyo "mwingine" sasa yuko darasa la kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda Kasokola kuwaalika kwenye sherehe hii. Nikamkuta Gratien uani, nikamuuliza kama Aline atakuja. Miaka yote hiyo, na bado nakosea.

Gratien akaniangalia. "Muulize mwenyewe," akasema.

Nikamuuliza. Aline atakuja, na ana neno lake la kusema.

Mama Theo, tunajivunia wewe, na tunakushukuru. Upumzike kwa afya na furaha, Mpimbwe au popote utakapochagua. Benchi litabaki ukutani.

Hezron, Wodi ya Wazazi