Mlivyoshukuru kwa Ukimya Wangu

Bwana asifiwe! Na ninyi wa viti vya nyuma, Bwana asifiwe! Leo sinong'oni.

Mnanijua, Mama Nyangeta wa hapa Buhare, muuza mitumba. Ndugu zangu, nilikuwaga na mdomo! Ukinipa neno moja, nakurudishia kumi. Mume wangu yule pale anacheka, muulizeni.

Mwaka juzi, nikiwa mnadani Bunda, kichwa kiliniuma ghafla maumivu ambayo sijawahi kuyaona, nikaanguka. Mshipa wa damu kwenye ubongo ulikuwa umevimba ukapasuka. Nikapelekwa hospitali kubwa, nikafanyiwa upasuaji, mshipa ukabanwa, na siku za kwanza nikawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Mungu ni mwema, nikatoka hai!

Daktari akamwonya mume wangu kwamba mimi niangaliwe sana. Damu ilimwagika nyingi, ikaingia mpaka kwenye vyumba vya maji ya ubongo. Nilifika sijitambui, nikahitaji ule mpira, na miaka sitini nimeshaipita. Mtu wa namna hiyo ni rahisi maji kumjaa tena kichwani, hata baada ya wiki nyingi. Nikibadilika, nirudishwe haraka. Mume wangu akaitikia "sawa, daktari" kwa kila neno, kama anavyoitikia mahubiri.

Nikaenda kupumzika Butiama kwa mama mkwe, bibi wa miaka themanini na kitu. Huko nikaanza kuwa mpole. Nikiulizwa, "ndiyo". Nikichokozwa, kimya. Nilikuwa naburuta miguu, nasahau, na mkojo unanitoka kabla sijafika chooni. Niliona aibu kusema.

Ndipo mkaja kuniona, ninyi ninyi! Mkafurahi mno. "Mungu amemnyoosha, hata ulimi umeokoka!" Mkaimba, mkapiga makofi. Mume wangu, Mungu amsamehe, akaitikia Amina kuliko wote. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa huku napongezwa!

Mungu akamtumia yule bibi. Miaka yote tulikuwaga tunagombana juu ya ugali, yeye mtama, mimi mahindi. Siku hiyo akanichokoza makusudi, eti ugali wangu ni chakula cha kuku. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Akaweka mwiko chini akaanza kulia. Akamwita mwanawe: "Huyu hajanyooshwa, huyu anaumwa! Tangu umwoe hajawahi kunikubalia. Mpeleke leo hii!"

Hapo ndipo mume wangu akakumbuka maneno ya daktari, akanirudisha hospitali. Picha ya kichwa ikaonyesha maji yamejaa kweli. Wakanipitishia mrija mdogo chini ya ngozi, unashusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Haleluya! Baada ya siku chache nikasimama, nikatembea. Mama mkwe akaniletea uji wodini, nikamwambia umepoa. Alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja mbio!

Namshukuru Mungu aliyewapa madaktari ujuzi, na mama mkwe wangu ugomvi. Mtumainini Yeye! Ombeni, na maneno ya daktari myashike. Mtu wenu aliyepasuliwa kichwa akibadilika, hata akibadilika kuwa malaika, mpelekeni.

Na wewe uliyekaa hapo unaumwa, unaona aibu, usitoke leo kabla hujamwambia mtu mmoja. Mungu anasikia hata tukinyamaza. Sisi binadamu mpaka tuambiwe.