Mteremko wa Logiri

Ndugu zangu wa Koboko, mnaosali Jumapili na mnaosali Ijumaa, asanteni kwa kunipa nafasi hii ya mbele. Jana nilitoka Manibe kwa baiskeli na magoti bado yananilalamikia, kwa hiyo mkiniona nimekaa katikati ya maneno, msidhani nimerudia kunywa. Mimi sijui kuhubiri. Kazi yangu ni kubeba mihogo. Miaka mingi nimepeleka magunia ya mihogo soko la Arua kwa baiskeli isiyo na breki.

Mnacheka, lakini wabebaji mlio hapa mnanielewa. Breki za mkono zikifa, sisi hatuhangaiki. Tunavaa sandali za tairi la gari, na kwenye mteremko tunashusha mguu na kubana gurudumu la mbele kwa soli mpaka linatoa harufu ya kuungua. Baiskeli inapunguza mwendo. Mguu umeshazoea, hausubiri kichwa kiuambie.

Sasa, wakati ule nilikuwa mlevi. Sisemi nilikuwa nakunywa kidogo, nilikuwa mlevi. Asubuhi kwete, ile pombe ya mahindi, mchana ile kali inayopikwa nyumbani. Siku moja tulikwenda Logiri kwa wazazi wa mke wangu, nikakaa kwenye kwete na mashemeji zangu hadi alasiri. Kisha nikampandisha mama watoto kwenye keria, tukaanza safari ya kurudi. Kuna mteremko pale unaoshuka hadi kwenye kijito. Baiskeli ikashika kasi, nikashusha mguu kubana gurudumu, na nawaambia, nilihisi tairi linakula nyama ya unyayo wangu. Sandali ya kulia nilikuwa nimeiacha kwenye pombe.

Mimi niliangukia majani. Yeye aliangukia mawe. Mkono wake wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya, na mpaka leo haunyooki.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mimi hapana panda hii baiskeli yako tena." Chakula alinipikia, maji ya kuoga aliniwekea, lakini kwenye keria hakukaa tena. Nanyi mnajua kwetu Jumapili ilivyo: mume anampeleka mkewe kanisani, mke amekaa upande, nguo nzuri, mwavuli mkononi. Mke wangu alitembea mbele kwa miguu, mkono ameukunja kifuani, na mimi nyuma nasukuma baiskeli tupu. Manibe nzima iliona. Mnadhani niliacha pombe kwa aibu hiyo? Nilizidisha, ndugu zangu.

Kule kwetu kuna fundi baiskeli, mzee mkali sana. Kanisa lilipotangaza mashindano ya baiskeli kuzunguka vilima vya Logiri, kwa njia za ng'ombe, aliniita. "Wewe iko na miguu ya nguvu," akasema. "Mimi iko na baiskeli moja ya milima, tairi yake iko na meno, breki yote mbili nzima. Mimi nakupa ya kufanya mazoezi. Lakini kila jioni, kwanza mimi nanusa mdomo yako."

Nilikubali, na si kwa sababu ya zawadi. Nilikuwa nimesikia kwamba akina mama wa kanisa watagawa maji pale kwenye kijito, na mke wangu ni mmoja wao. Nilitaka anione hata mara moja nikiteremka mteremko ule nikiwa na akili zangu.

Na yule mzee alinusa kweli! Mara mbili alinifungia mlango. "Leo hapana. Rudi nyumbani, lala." Mara ya pili nililia njiani, mwanamume mzima. Mara ya tatu haikutokea.

Siku ya mashindano nilianza vizuri, kisha kwenye kishuko cha kwanza mguu ukaniaibisha. Breki mbili nzima ziko mikononi mwangu, na mguu wangu mjinga unakwenda kutafuta tairi! Meno ya tairi yakashika sandali, nikaruka juu ya usukani. Mama mmoja aliyekuwa analima pembeni akapiga kelele, "Baba, leo hapana beba mihogo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku damu inatoka kwenye kiwiko. Nikapanda tena.

Mteremko wa mwisho ulikuwa uleule. Nilipofika juu niliyaona mawe kule chini. Nikaukaza mguu kwenye pedali, vidole kwenye breki, nikashuka taratibu kama nimebeba mayai. Watu wakanipita kulia na kushoto. Chini nilimwona mama watoto na jagi la maji, amesimama karibu na yale mawe. Nikasimamisha baiskeli mbele yake.

"Unasimama nini?" akaniuliza. "Watu iko napita wewe."

Hapo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Yeye siku zote alidhani nilishindwa kuizuia baiskeli. Nikasema, "Siku ile mguu ulikuwa umeshika tairi. Iliniuma, nikaurudisha. Niliogopa unyayo wangu, nikakuacha wewe."

Aliinua jagi. Kisha akanijazia kikombe. "Kunywa," akasema. "Halafu maliza."

Nilimaliza karibu wa mwisho kabisa. Wakati wa kuondoka, lori la kanisa likawa linapiga honi na akina mama wanamwita mke wangu apande. Yeye akaja mpaka kwenye baiskeli yangu ile kuukuu, ambayo fundi alikuwa ameileta pale, ameifunga breki mpya bila kuniambia. Kwa ule mkono uliopinda akaminya breki moja, akaminya na ya pili. Kisha akatazama miguu yangu.

"Sandali iko mbili leo?"

"Iko mbili."

Akakaa kwenye keria. Nililia mpaka njia sikuiona vizuri, ikabidi aniambie nisimame kwanza nifute macho.

Namshukuru yule mzee kwa pua yake. Nawashukuru akina mama wa kanisa, ambao walimsindikiza mke wangu kwa miguu Jumapili zote zile ili asitembee peke yake. Na somo langu ni hili: kuacha pombe ni kazi kubwa, ifanyeni, lakini isiwe mwisho. Kama kuna mtu ulimuumiza, kaa naye umwambie na ile sehemu asiyoijua. Mimi niliibeba ile sehemu, nzito kuliko gunia lolote.

Nilisema nimetoka Manibe kwa baiskeli. Sikusema nilikuja peke yangu. Yule pale mlangoni, mwenye mwavuli, ananionyesha kwamba nimesema sana na safari ni ndefu. Naomba mniruhusu, ndugu zangu. Njiani kuna miteremko, na yeye anapenda tuishuke polepole.