Almasi Isiyofunguliwa

Basi la mtaa wa Varachha, hapa Surat, jiji la almasi, lilijaa, lakini mama mmoja alikumbatia pochi kama mtoto mwenye homa. Akamwambia jirani yake, asiyemjua, kwamba ndani yake mna almasi ya pete ya bintiye, imefungiwa pamoja na cheti ndani ya plastiki.

“Kinasema haina doa. Lakini muuzaji kanionya, nikifungua tu, dhamana imekwisha.”

“Sasa sonara ataipachikaje kwenye pete?”

“Ndilo ninalokuuliza, kaka! Na wakwe watasoma cheti kabla hawajatazama jiwe.”

“Kwani dada umenunua jiwe au cheti?”

“Nilikuwa najua, mpaka ulipouliza.”

Basi likasimama mtaa wa masonara. Mama akainuka, akaketi, akainuka tena.

“Mama, unashuka hushuki?” kondakta akafoka.

“Na wewe usinichanganye!”