Hatua Thelathini za Mzee Adelard Rwezahura

Jumamosi, tarehe 10 Juni 2023, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Mzee Adelard Rwezahura alianza kuuvunja ukuta wa nyuma ya nyumba yake hapa Toangoma, akiwa na mafundi wawili na nyundo tatu. Saa tatu kamili walikuwa wamefika katikati. Saa tisa na robo alasiri ukuta wote ulikuwa chini, na banda la kuku la mkewe, Mama Apolonia, limehamishiwa kando ya choo. Katika saa hizo tisa na dakika tano, Mama Apolonia aliuliza sababu mara nne, na jibu lilikuwa lile lile: "Mama Koku, tumekaa kwenye ardhi ya watu." Hakuelewa. Watoto nao hawakuelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akimaliza mwaka 1967, kisha akajifunza ufundi bomba mjini Bukoba.

Mwaka 1975 alihamia Dar es Salaam na kuajiriwa kuwa msoma mita za maji. Kwa miaka thelathini na miwili alizunguka Temeke kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilimzoesha kupima kila kitu kwa hatua zake, na mara nyingi mafundi waliorudia kwa futikamba walikuta hajakosea. Alifunga ndoa na Apolonia tarehe 26 Septemba 1981. Mama husimulia kwamba walipofika altareni bwana harusi alimnong'oneza, "Arobaini na mbili," naye akadhani anatajiwa idadi ya wageni.

Kiwanja hiki alikinunua mwaka 1997. Siku ya mauziano mnunuzi alitembea mwenyewe kutoka njiani, muuzaji na mjumbe wakihesabu: hatua thelathini. Nyuma ya hapo muuzaji aliacha eneo la wote, lenye mtaro wa maji ya mvua na uwanja. Mwaka 2009 wakazi walipoanzisha Umoja wa Wamiliki wa Nyumba, walimchagua kuwa mwenyekiti. Alisimamia usafi wa mtaro kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akapanda nyasi uwanjani na kutengeneza geti mara tano. Kilichomshinda ni kuta. Kila mwaka ukuta wa nyuma wa mtu fulani ulisogea kidogo kuelekea mtaroni, mpaka mtaro ukabanwa na maji yakaanza kuingia majumbani.

Kwenye kikao cha tarehe 4 Juni 2023 aliwataka wenye kuta hizo wazirudishe nyuma. Jirani yake, Bwana Suleiman, alisimama. "Mwenyekiti, mbona kwako hupimi? Au kwa mwenyekiti ndiyo hakupimiki?" Watu wakaangua kicheko. Kesho yake asubuhi marehemu alitembea kutoka njiani mara tatu, na kila mara hatua ya thelathini ilimwacha karibu mita mbili kabla ya kuufikia ukuta wake.

Ukuta ulipovunjwa, Bwana Suleiman alikuja mbio. "Mzee wangu, nilikuwa nakutania jamani!" Marehemu akamwambia, "Mie nimepima, Suleiman. Nimezidisha." Kufikia Desemba, Bwana Suleiman alikuwa amerudisha ukuta wake nyuma, na wengine watatu wakamfuata bila kuandikiwa barua. Turubai mlilokaa chini yake leo limefungwa kwenye eneo hilo la wote.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kuanguka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson, kwamba alikuwa nao kwa miaka miwili au zaidi, na kwamba hufupisha hatua za mtu kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Aliuguzwa nyumbani na Mama Apolonia hadi Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, alipofariki akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha mjane, Apolonia, watoto watatu, Kokushubila, Benson na Vaileth, wajukuu watano, na wanachama wa Umoja, kaya hamsini na nane. Mungu ampe pumziko, na udongo wa Toangoma umpokee kwa upole.

Limebaki jambo moja, ambalo Mama ameomba lisomwe leo. Familia haijui kama ni la kusikitikia au la kushukuru. Tarehe 10 Juni 2024, mwaka mmoja kamili baada ya ukuta kuvunjwa, wapimaji wa mtaa walifukua nyuma ya nyumba hii na kukuta nondo ya mpaka iliyopigwa ardhini siku ya mauziano, ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Vaileth, ambaye ni fundi uashi, alishika ncha ya futikamba. Nondo ilikuwa chini ya msingi wa ukuta uliovunjwa. Marehemu hakuwa amezidisha hata sentimita moja. Kutoka ndani alisikika akiuliza, "Wamekuta nini huko?" Mama Apolonia alikunja karatasi ya vipimo, akamjibu, "Wanasema uko sawa, Baba Koku," na ukuta haukujengwa tena.