Chungu cha Kwanza cha Uyoga

Ndugu waombolezaji, mimi Telesphor, mtoto wa pili wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, naomba utulivu, hasa nyie mliokaa nyuma karibu na masufuria.

Mama yetu Marsela alizaliwa tarehe 12 Machi 1938, katika kitongoji cha mlimani juu ya Kapalamsenga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Melkior, akabatizwa Karema na kusoma hukohuko hadi darasa la nne mwaka 1951, ingawa mwenyewe alisema shule yake hasa ilikuwa porini, nyuma ya bibi yake, alikojifunza mabungo, mgagani, viazi pori na uyoga wa kila aina.

Tarehe 4 Agosti 1956 alifunga ndoa na baba yetu, Gelasius, wakajaliwa watoto sita, wanne tupo hai. Mwaka 1974 serikali ilipotushusha wote kuja kijijini, alilima muhogo na maharage kama wengine, lakini mvua zikianza alirudi mlimani na kapu lake, na mwaka 1992 mahindi yalipokauka, si nyumba yetu peke yake iliyokula kutoka kwenye kapu lile. Chungu cha kwanza cha uyoga kila msimu alikula yeye peke yake jioni, akituambia, "Nikiamka, nanyi mtakula," nasi tulilala tukimwombea aamke, kwa mapenzi na kwa njaa pia.

Mwaka 1996 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakasema ni moyo, akatumia dawa hadi alipofariki juzi, tarehe 19 Januari 1998, alfajiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa tumekula uyoga, ndiyo, baba alikula, mimi nilikula hadi nikakomba sufuria, na wote mnatuona. Wanasema lisemwalo lipo, lakini hili mnalonong'ona, kwamba mama ameuawa na uyoga wake, halipo, na linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi kwenye matope haya, akina mama wa jumuiya, na wenzake wa sokoni. Tukirudi kutoka makaburini kuna ugali na uyoga, ule aliouanika mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, na kwa kuwa yeye hayupo, chungu cha kwanza tulikila sisi jana jioni, baba na watoto wake wote wanne.

Mama, tumeamka. Pumzika kwa amani.