Miaka Kumi na Tisa na Kitenzi Kimoja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Shangazi wa Idara ya Kamusi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Ndivyo tunavyomwita, hata wanaomzidi umri. Kumi na tisa kati ya miaka hiyo alikaa na kitenzi kimoja cha Kiingereza, “get”. Wapo waliozaa, wakalea na kuoza binti kwa muda huohuo.

Alianza kama karani wa kuchapa. Siku moja alimrudishia mhariri ukurasa, akamweleza kwa heshima zote kwamba “get” si kupata tu. Mhariri, kwa kumkomoa, akamkabidhi neno zima. Hapa kwetu huko ndiko kupanda cheo.

Hakuandika maana yoyote kabla hajaisikia kwa watu watatu tofauti. Basi alisikiliza: foleni ya benki, saluni, hata wodini alikolazwa, ambako alimwomba daktari arudie sentensi polepole. Mumewe analalamika kwamba hawajawahi kumaliza ugomvi kwa Kiingereza. Katikati Shangazi huinuka kutafuta kalamu.

Machi mwaka huu alikabidhi kurasa nne, nakala moja tu, zilizochapwa kwa mashine yake ya zamani. Kupata, kufika, kuelewa, kuamka, kuzeeka, kupona: kila maana na mifano yake. Aliomba jambo moja, zitoke zote kabla hajaondoka. Kamati yetu ya uhariri ikamwahidi.

Mwezi uliofuata kiwanda cha uchapaji kikasema kitabu kimezidi kurasa tatu. Mwenyekiti akapendekeza tubakize ukurasa wa kwanza wa “get”, kwa kuwa ndio uliokuwa juu. Tukainua mikono, sote. Chai ilikuwa inapoa.

Kwa hiyo katika kamusi iliyotoka juzi mtu anaweza kupata barua, kupata kazi, kupata homa. Kupona hawezi, kupona kulikuwa ukurasa wa tatu. Kuelewa pia hakumo.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama. Hakugomba. Tulipomwuliza anataka zawadi gani, aliomba arudishiwe zile kurasa tatu. Tumezitafuta. Mafundi wanakumbuka kuzitandika chini ya makopo ya rangi walipokuwa wakipaka ukumbi wa sherehe hii. Ukumbi, kama mnavyoona, umependeza.

Shangazi, asante kwa yote. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na watu watakaokusoma hadi mwisho.