Aliko Swila, Bwana Mifugo wa Msangano, na Majina Sitini na Matatu

Baba mchungaji, wazee wa ukoo wa Swila, mama yetu, majirani wa Msangano na ninyi mliotoka Ileje, Itaka na Chapwa, jana kwenye kikao cha familia nilishauriwa, kwa nia njema kabisa, niuruke mwaka 2013, kwa kuwa msibani mambo hayafukuliwi, nami nikajibu kwamba baba yetu alizimaliza siku zake akiufukua mwaka huohuo kwa mikono yake mwenyewe, hivyo nikiuruka nitakuwa nimemzika nusu, na wazee, baada ya kuguna kidogo, wakaniruhusu.

Marehemu Aliko Raphaeli Swila alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 katika kijiji cha Ibaba, Ileje, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Raphaeli Swila na Bibi Tumpale, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1977, kisha akajiunga na chuo cha mifugo huko Mpwapwa, ambako alihitimu cheti mwaka 1980, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba siku anaondoka alilia kwa ajili ya ng'ombe wa nyumbani kuliko alivyolilia watu.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1980 na kupangiwa Itaka, wilayani Mbozi, akiwa bwana mifugo msaidizi, akafanya kazi wakati majosho yakiwa na dawa ya serikali, akaendelea kufanya kazi dawa ilipogeuka kuwa ya kununua na majosho yakaanza kuota majani, na mwaka 1995 wenzake wawili walipopunguzwa kazini akabaki peke yake na baiskeli moja na kata tatu, hata alipohamishiwa hapa Msangano mwezi Machi 1998 watu wa Itaka walimsindikiza wakimtania, "Bwana mifugo, ng'ombe wetu watakuandikia barua."

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Roda, tarehe 6 Desemba 1986, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nathanaeli, Tabita ambaye ndiye mimi ninayesoma, na Raphaeli, akatulea kwa upole ambao mimi, nakiri, sikuurithi.

Sasa nafika mahali nilipoambiwa nipaogope, naomba mnivumilie.

Mwezi Mei 2013 ulikuja mradi wa majaribio wa kuwavisha ng'ombe hereni za kielektroniki, kila hereni na namba yake, na marehemu akakabidhiwa mashine ya mkononi ya kuzisomea, akapita zizi kwa zizi, akaandika kwenye daftari namba ya hereni, rangi, jinsia, umri na jina la mwenye ng'ombe, kisha akaenda ofisini akayachapa yote kwenye kompyuta, akaiunganisha mashine kwa waya, akakaa akiitazama mpaka ilipoandika kwamba imepokea kumbukumbu za ng'ombe mia nne na kumi na wawili, na siku hiyo alirudi nyumbani akitabasamu, akamwambia mama, "Roda, hii kitu haimjui ng'ombe, inamjua aliyeandikwa," akidhani anasema mzaha.

Kosa lake lilikuwa moja, nami nalitaja kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja mbele ya watu, nalo ni kwamba hakuuliza. Sote hapa tunajua kwamba mtu wa mjini asiye na malisho humwekea ng'ombe wake rafiki wa kijijini, mwenye zizi akanywa maziwa na kupewa ndama kwa makubaliano, na tunajua pia kwamba si adabu kumuuliza mtu uani kwake ni yupi wake na yupi wa kuwekewa, akiulizwa hujibu tu, "Ni wa hapa." Marehemu alikuwa mtu wa adabu, akaandika "wa hapa", kila ng'ombe kwa jina la mwenye zizi, na adabu ile ikaingia kwenye mashine ikageuka kuwa hati.

Mama Mwasiti wa Chapwa, mjane, ambaye tuko naye hapa, alikuwa amewaweka ng'ombe wake saba kwa Mzee Osea tangu marehemu mumewe akiwa hai, na Mzee Osea alipofariki mwezi Agosti 2013, mwanawe Lusungu akawapeleka wale saba mnadani, siku ya Jumamosi tarehe 9 Novemba, Mama Mwasiti akawahi na kuwazuia, akaitwa bwana mifugo aamue, naye akaisogeza mashine kwenye sikio la ng'ombe wa kwanza, ikasoma Osea, wa pili Osea, mpaka wa saba, na watu wakapiga kelele, "Mashine imesema! Mama, nenda zako!" Marehemu alisema wazi kwamba mashine imekosea kwa sababu yeye ndiye aliyeilisha hivyo, lakini hakuna aliyemsikiliza, ng'ombe wanne wakauzwa palepale wakavuka kwenda Zambia, na Mama Mwasiti akamwambia maneno ambayo amenipa ruhusa kuyarudia, "Shemeji Aliko, mume wangu nilimzika mara moja, leo umenizikia mara ya pili."

Ndugu waombolezaji, kuanzia siku ile ikasemwa vijiweni, Tunduma mpaka Kakozi, kwamba bwana mifugo amekula, na ofisi yake, badala ya kuuliza kwa nini fomu ilikuwa na mstari wa mmiliki pasipo mstari wa mfugaji, ikamnyang'anya mashine tarehe 2 Desemba na kumsimamisha kazi akisubiri barua, nami nauliza, aliyekula huwa anakwenda kukiri? Aliyekula huwa anachukua baiskeli na daftari jipya, bila posho, akarudi kwenye kila zizi kuuliza swali lile lisilo la adabu, akafukuzwa kwa mbwa mara mbili, akaambiwa, "Mzee, siku hizi umekuwa polisi?", naye akakaa chini akangoja mpaka akajibiwa? Ilimchukua miezi saba, akawapata ng'ombe sitini na watatu walioandikwa majina yasiyo yao, wakiwemo wa Mama Mwasiti, akalipeleka daftari ofisini mara tatu aombe kumbukumbu mpya ziingizwe kwenye mashine, na mara zote tatu akajibiwa asubiri.

Mwezi Juni 2014 aligundulika kuwa na shinikizo la damu lililokwisha kudhuru figo, akatibiwa akiwa nyumbani, hali ikabadilika mwezi Januari mwaka huu, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 19, na Ijumaa tarehe 30 alifika wodini bibi mifugo Raudha, binti mdogo aliyerithi mashine ile, akiwa na kompyuta begani, hakuwa ametumwa na mtu, akaketi pembeni ya kitanda na kusema, "Mzee wangu, nisomee daftari, ila taratibu, mimi nachapa kwa vidole viwili," naye marehemu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amezungumza sentensi nzima, akamjibu, "Chapa, mwanangu, ng'ombe wa watu hawakimbizwi." Akaanza na saba wa Mama Mwasiti, namba kwa namba, akataka kila jina asomewe tena kabla halijapita, wakafika arobaini na moja, sauti ikakatika, Raudha akachomeka waya, akamwonyesha kioo cha mashine ikipokea, akamwambia wangemalizia Jumatatu.

Kesho yake, Jumamosi, Lusungu aliwafikisha mnadani ng'ombe watatu waliosalia, Raudha akawasoma mbele ya wote, mashine ikatoa jina la Mwasiti mara tatu, halafu mzee mmoja akasema, "Basi imesema tena," na ng'ombe wakaondoka na mwenyewe. Raudha alinipigia simu, nikaiweka kwenye sikio la baba, akasikiliza mpaka mwisho, tukadhani atafurahi, akasema, "Wamebaki ishirini na wawili," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, akafariki Jumatatu tarehe 2 Februari 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Mwakilishi wa ofisi yake yuko hapa na shada la maua, familia inalipokea kwa heshima, lakini jana Raudha alipewa barua ya kujieleza kwa kuingiza kumbukumbu bila kibali, hivyo naomba, mbele ya jeneza hili, barua hiyo irudi ilikotoka, na daftari, ambalo leo liko mikononi mwa mama, lichukuliwe maua yenu yakiwa bado mabichi, kwa sababu wale ishirini na wawili ni wa watu walioketi hapa, na yeyote kati yenu akifariki kesho, watoto wake watakwenda mnadani kubishana na kifaa. Hatuombi kosa la baba lisahauliwe, alilifanya, tunaomba lirekebishwe, maana hilo ndilo aliloliomba yeye mara tatu, akiwa amesimama, na kofia mkononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliotuvumilia na kompyuta yetu kitandani, majirani wa Msangano waliochimba kaburi, akiwemo Lusungu, ambaye amefika tangu asubuhi, akashika jembe, nasi hatujamuuliza, wafugaji wa Itaka waliokuja kwa miguu, na Mama Mwasiti, aliyetuletea mmoja kati ya wale watatu kwa ajili ya chakula cha msiba, tukakataa, akatwambia, "Mtamla, maana sasa nina haki ya kumtoa."

Tata, baba yetu, umekwenda ukiwa na jina safi kwa arobaini na moja, waliobaki tuachie sisi, upumzike kwa amani.